German Shepherd wa miezi minne, anakula nyama kila siku, miguu inapinda. Nakosea wapi?

mkazi_wa_kihonda

Wakuu habari za leo. Nina mtoto wa mbwa, German Shepherd dume, ndiyo kwanza ametimiza miezi minne. Nilimchukua kwa jamaa mmoja mzalishaji, hela ndefu tu, nikamwita Utajiju (majirani wameshaelewa). Alipofika alikuwa mbwa wa kupiga picha: miguu minene, kifua kipana, sikio moja limeanza kusimama.

Sasa miguu ya mbele inapinda. Ukimtazama kwa mbele viwiko vimetoka nje, na pale chini kwenye kifundo mguu umelala, yaani hakanyagii vidole tena, anakanyagia nyuma yake. Akiamka asubuhi anajivuta kwanza ndipo asimame. Jana alitaka kuruka ngazi ya baraza, akalia, akagoma kabisa kusogea mpaka nikambeba.

Kinachonichanganya ni kwamba huyu mbwa hajalala njaa hata siku moja. Aliyeniuzia alinisisitizia kwamba German hapewi ugali, ukimpa ugali anageuka koko. Nikaelewana na bucha la mtaani wananiwekea vipande vya steki, moyo na maini. Mara nyingi napitisha kwenye maji ya moto tu, mara nyingine nampa mbichi kabisa, maana niliambiwa nyama mbichi ndiyo inaleta ukali. Jioni nusu lita ya maziwa ya ng'ombe. Kwa siku anamaliza zaidi ya kilo ya nyama na bado analamba sahani. Nimempima kwenye mzani wa huyohuyo mwenye bucha, kilo 14.

Halafu jirani yangu ana koko anayekula makoko ya ugali na maji ya dagaa. Miguu imenyooka na ukuta anaruka.

Duka la dawa za mifugo wameniuzia chupa kubwa ya kalsiamu, sijaifungua. Nimpe? Kiasi gani? Au ni ugonjwa wa ukoo na nimeuziwa mbwa mbovu?

kiboko_ya_wezi

Mkuu hayo ni matege tu, watoto wetu wanapata sembuse mbwa. Mtoe juani kila asubuhi apate vitamini D. Hiyo chupa mpe mara mbili ya walichoandika, German ni mbwa mkubwa, dozi ya kwenye lebo ni ya vimbwa vya Wazungu vya kubeba kwenye pochi. Wa kwangu alinyooka hivyohivyo. Na kama unataka ukali, pilipili kichaa kidogo kwenye nyama. Utanishukuru.

zuwena_k

Mpe dawa ya minyoo kwanza. Mbwa akila sana na hana afya, tafuta minyoo.

bibi_mifugo_usariver

Kijana wa Kihonda, pole. Hiyo chupa iache hapohapo kabatini.

Mimi nimekuwa afisa mifugo mpaka nikastaafu, na sasa nafuga German Shepherd hapa Usa River. Miguu unayoieleza nimeiona mara nyingi, na karibu kila mara nimeikuta kwenye nyumba yenye uwezo. Koko wa jirani yako hapati hali hii kirahisi kwa sababu anakula vichwa vya dagaa na kuokota mifupa jalalani. Anayeipata ni mbwa anayependwa, ambaye mwenye mbwa anafahamiana na bucha.

Mfupa haujengwi na nyama. Unajengwa na kalsiamu na fosforasi, na hivi viwili vinakwenda kwa uwiano: kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo, isipite mara mbili yake. Sasa shika hesabu hii. Steki ya ng'ombe ina fosforasi karibu mara 20 ya kalsiamu yake. Moyo ni zaidi ya hapo. Maini yanawapita wote. Kwa hiyo Utajiju anaingiza fosforasi tele na kalsiamu kiduchu, na damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa maana moyo na misuli vinaitegemea kila dakika. Shingoni ana vitezi vinne vidogo ambavyo kazi yake ni kulinda kiwango hicho. Vikiona kalsiamu inashuka vinaagiza ichotwe kwenye mifupa. Ndiyo maana unaweza kumpima damu ukaambiwa kalsiamu iko sawa, huku mifupa imebaki ngozi tu. Nyama inamwongezea uzito kila wiki, mifupa inapungua kila wiki, mwisho uzito unaikunja. Hakuna ukoo hapo, na aliyekuuzia mbwa hakukuuzia mbovu. Ushauri wake ndio mbovu.

Maziwa nayo hayaokoi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina kalsiamu kama gramu 1.2. Mbwa wa ukubwa huo anahitaji zaidi ya gramu 3 kwa siku. Angelazimika kunywa karibu lita tatu, na kabla hajafika huko angeshakuharishia baraza zima, kwa kuwa mtoto wa mbwa akishaachishwa ziwa uwezo wa kusaga sukari ya maziwa unapungua.

Ndugu yangu Kiboko, nakuheshimu, lakini kwenye jua umeteleza. Ngozi yangu na yako inatengeneza vitamini D ikipigwa na jua. Ya mbwa haitengenezi ya kutosha hata ukimwanika kutwa. Vitamini D yake inapita mdomoni: kiini cha yai, samaki, maini kidogo. Na kuhusu kuzidisha dozi, sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu mbwa. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita utumbo wake hauna kizuizi cha maana. Kalsiamu ya ziada inaingia tu mwilini hata kama haihitajiki. Kwa jamii kubwa kama German, Rottweiler na Boerboel, ziada hiyo inavuruga gegedu za viungo na ukuaji wa mifupa, na unapata kilema kingine badala ya hiki. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokula chakula cha mfuko ambacho tayari kimepimwa, halafu mwenye mbwa anamwaga chupa juu yake kwa mapenzi. Wako alinyooka, nafurahi. Wengi wananyooka siku mwenye mbwa anapoishiwa hela ya nyama akarudi kwenye dagaa, sifa inakwenda kwa chupa.

Pilipili inawasha tumbo, basi. Ukali unatoka kwa wazazi wake na kwa malezi.

Zuwena hajakosea. Minyoo ipo kwa karibu kila mtoto wa mbwa, mingine anazaliwa nayo kutoka tumboni mwa mama. Dawa inaanza akiwa na wiki mbili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Kama hukufuata hivyo, anza. Lakini minyoo haikunji miguu kwa namna hii.

Kwa sasa fanya hivi. Uko Kihonda, SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine hapo Morogoro, kwako ni pua na mdomo. Mpeleke hospitali yao ya wanyama, uliza kama watampiga eksirei ya miguu ya mbele, na umweleze daktari chakula chote kama ulivyotueleza sisi, usione haya. Mpaka umfikishe, asiruke, asikimbizwe, asipande ngazi, asicheze na watoto. Mifupa ya hali hii inavunjika kama kijiti kibichi, upande mmoja unakatika na mwingine unajikunja, na hutasikia mlio. Kama baraza lako lina vigae, mtandikie magunia au mhamishie kwenye udongo. Kuteleza kunazidi kuulaza huo mguu.

Chakula nitakuandikia jioni, nina majike wawili wananingoja.

mkazi_wa_kihonda

Bibi shikamoo, na asante sana. Nimesoma mara mbili nikamwonyesha na mke wangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anasema mbwa anakula kuliko sisi. Kesho asubuhi naenda SUA, nitambeba kwenye bajaji.

Swali moja kabla hujaandika: chakula cha mfuko bei yake kwangu ni kali. Je, ugali na dagaa kweli vinatosha kwa German? Na unga upi, sembe au dona?

rongai_wa_nakuru

Niko Nakuru, nina Rottweiler wawili. Kabla bibi hajafika kwenye unga niseme neno kuhusu mahindi yenyewe, kwa sababu huku kwetu kuna mchezo mbaya.

Kuna unga unauzwa kwa bei ya chini kwenye mashine za kusagia, unaitwa unga wa mbwa. Mara nyingine ni mahindi yaliyoanguka chini na kufagiliwa, yamelowa, yameota ukungu wa kijani. Mtu anasema mbwa hajali. Mbwa anajali, ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu. Inapiga ini. Anaanza kukataa chakula, anatapika, macho na fizi zinakuwa manjano, anajisaidia damu, na wengine wanafika kwa daktari wamechelewa. Kupika hakuiondoi, hata ukitokosa ugali kutwa nzima. Nyinyi wa Tanzania mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara, na sisi tulizika watu 125 mwaka 2004 upande wa Ukambani kwa mahindi ya namna hiyo. Kama yalimuua mtu mzima, fikiria mtoto wa mbwa wa kilo 14.

Mimi nasaga mahindi ninayokula mwenyewe. Sufuria ya mbwa na yangu zinatoka gunia moja. Omena, dagaa kwa lugha yenu, nanunua waliokauka vizuri, wakiwa na unyevunyevu siwagusi.

bibi_mifugo_usariver

Marahaba mwanangu. Rongai amenisaidia, jambo la mahindi nilitaka kulisema na yeye amelisema vizuri kuliko mimi.

Nianze na mfuko. Ukimudu, hata kwa miezi hii michache tu ya kukua, hiyo ndiyo njia iliyo salama zaidi. Lakini usinunue picha ya mbwa. Geuza mfuko, usome. Tafuta palipoandikwa kwamba ni cha watoto wa mbwa wa umbo kubwa, na kalsiamu iwe kati ya asilimia 1.2 na 1.8 ya chakula kikavu. Cha mbwa wazima kiache dukani. Kwa kilo 14 za Utajiju utaanzia gramu 300 hadi 350 kwa siku, zigawanywe mara tatu, na hapo hakuna chupa, hakuna kidonge, hakuna unga wa mifupa wa kuongezea.

Usipomudu, ugali na dagaa unawezekana ila siyo ule wa makoko. Kwangu huwa hivi. Dagaa wa Mwanza wakavu, wanaoliwa wazima na mifupa yao, gramu 60 hivi kwa mbwa kama wako kwa siku. Nawaosha kwenye beseni, namwaga, naosha tena, mpaka nikipitisha vidole chini ya beseni nisiguse mchanga. Wengi wanaanikwa chini na mchanga unamsaga mbwa meno na utumbo. Wanachemka vizuri, maana samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 na moto ndio unaokiua. Halafu nyama, gramu 200 siyo kilo, na safari hii utumbo, mapafu au nyama ya kichwa vinatosha, huhitaji steki. Yai moja. Uji mzito wa dona bakuli mbili za kawaida, karoti au boga lililopondwa, kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti. Chumvi hapana. Kitunguu hapana, cha maji wala swaumu, vinavunja chembe nyekundu za damu. Dona naipendelea kwa sababu haijakobolewa virutubisho, lakini ipikwe hadi iive kabisa, mbichimbichi inamharisha.

Kalsiamu ya dagaa peke yake haifiki pale tunapotaka, kwa hiyo naongeza maganda ya mayai. Yaoshe, yakaange makavu kwenye kikaango mpaka yavunjike ukiyaminya, yatwange kwenye kinu na uyachekeche yawe laini kama poda. Kijiko cha chai kilichojaa usawa kina kama gramu 2 za kalsiamu. Utajiju kwa mlo huo niliokuandikia anahitaji nusu kijiko kwa siku. Nusu! Ukibadilisha dagaa au nyama, hesabu nayo inabadilika, kwa hiyo nenda na karatasi hii kwa daktari wako aipitie. Atakuandikia pia mchanganyiko wa vitamini na madini, kwa sababu mlo wa nyumbani huwa unapungukiwa zinki na madini joto hata ukipika kwa upendo gani.

Maini mpe kidogo mara moja moja kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiberiti. Yakizidi kila siku yanamjazia vitamini A na hiyo nayo inaumiza mifupa. Na jambo la nyama mbichi lifunge leo. Mapafu na maini ya machinjioni mengine yana malengelenge ya maji, humo ndimo mna tegu. Mbwa akila mabichi anakuwa na mnyoo mdogo tumboni ambao yeye haumsumbui, lakini mayai yake yakiingia mdomoni mwa mtoto wako yanamwotea uvimbe kwenye ini au mapafu. Chemsha kila kitu cha machinjioni.

Kubadilisha chakula usifanye kwa siku moja. Robo mpya kwanza, kisha nusu, ufike mlo kamili baada ya wiki hivi.

Sasa kiasi, ambacho watu wa German hawapendi kukisikia. Unataka akue taratibu. Mbwa mnene akiwa mdogo siyo afya, ni mzigo kwenye viungo ambavyo havijakomaa. Kuna utafiti mashuhuri wa Marekani ulifuatilia Labrador 48 tangu wakiwa wadogo mpaka kufa, ukachapishwa 2002. Walipangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akipewa robo pungufu ya mwenzake. Wale waliopunjwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na nyonga zao zilikuwa bora mapema kabisa. Kwa hiyo ukipitisha kiganja ubavuni uzihesabu mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu awe na kiuno. Akishalamba sahani baada ya dakika kumi na tano, iondoe. Kulamba sahani ni tabia ya mbwa, siyo njaa.

kiboko_ya_wezi

Bibi nimekubali yaishe. Ila kwenye jua bado tutabishana, wangu analala juani siku nzima na anang'aa.

bibi_mifugo_usariver

Alale, mwanangu. Anaotea joto.

mkazi_wa_kihonda

Nimerudi na majibu. Eksirei imeonyesha mifupa ya miguu ya mbele ganda lake ni jembamba sana, na upande wa kushoto kuna sehemu imejikunja kidogo. Daktari kijana, ameniuliza chakula kabla hata hajamgusa mbwa. Amesema karibu yote aliyosema bibi, akamwandikia kukaa sehemu finyu wiki kadhaa, dawa ya maumivu, na chakula cha mfuko cha wanaokua angalau miezi miwili ya kwanza ndipo tuhamie dagaa. Miguu anasema kwa umri huu ina nafasi kubwa ya kujirudi, ingawa huo wa kushoto unaweza kubaki na kona. Nimekubali. Nyama ya bucha nimeikatisha, na hela yake ndiyo imenunua mfuko.

Mawili ya mwisho. Anabadilisha meno, anatafuna mlango. Nimpe mfupa? Na nitajuaje kiasi cha chakula kinapaswa kupanda?

bibi_mifugo_usariver

Mfupa uliopikwa usimpe, wa kuku wala wa ng'ombe. Ukishapikwa unapasuka kwa vipande vyenye ncha na unaweza kumtoboa utumbo. Wa kuku wa kuchoma ndio hatari kabisa, wageni wakija waambie. Kwa fizi mpe karoti nzima iliyokaa kwenye friza, au kitambaa kigumu kilichofungwa fundo, kilowe maji na kigande. Mlango upake kitu kichungu.

Kiasi: mpime kila wiki, siku ileile, kabla hajala. Mwenye bucha asikununie, mwambie bado ni mteja wa utumbo baadaye. Umri huu kupanda karibu kilo moja kwa wiki ni kawaida. Ikipanda na mbavu bado unazishika, ongeza chakula kidogokidogo kufuata uzito. Ikipanda na mbavu zimepotea, punguza. Utakapohamia mlo wa nyumbani ukilazimika kupunguza, punguza uji na mafuta, dagaa na maganda ya yai yabaki palepale. Akifika miezi sita mgawie mara mbili kwa siku, na chanjo ya kichaa kama hajapata mchome sasa, miezi mitatu alishaivuka.